Mary wa Soy na Sura ya Tisa

Niliwahi kumpa mgonjwa alama kumi na moja kwa arobaini. Sikumpima joto wala kumshika mkono. Nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu, nikajumlisha, nikatia sahihi, kisha nikaenda kunywa chai. Aibu yenyewe nimeitanguliza kwa sababu nawajua nyinyi mliopata barua za chuo juzi, mnaotembea Eldoret nzima mkimwambia kila mtu kwamba mnaenda kusomea saikolojia. Mstaafu akianza kukumbuka kazi yake, nyinyi hukimbilia simu. Basi wekeni simu chini. Hii inawahusu.

Naitwa Anyango. Nilitoka upande wa ziwa nikiwa msichana mwembamba, nikaja kufundisha saikolojia katika chuo kimoja hapa mjini, na sikuondoka mpaka waliponipa keki ya kustaafu na saa ya ukutani isiyotembea. Wanafunzi waliniita Madam. Nyuma ya mgongo waliniita majina mengine, na saikolojia yangu yote haikuwahi kunisaidia kuyajua.

Nianze na nyinyi, maana kuanza na mimi kunauma.

Mwanafunzi wa saikolojia ni rahisi kumtabiri kuliko mvua ya Aprili. Wiki ya kwanza anakuja akiamini tutamfundisha kusoma mawazo ya watu. Kila mwaka kulikuwa na mmoja wa kuinua mkono na kuuliza, "Madam, hebu sema, saa hii nawaza nini?" Nami kila mwaka nilijibu, "Unawaza chapati," na sikukosea hata mara moja, kwa sababu kipindi changu kilikuwa kabla ya chakula cha mchana.

Mwezi wa pili amejifunza maneno matano na ana wagonjwa hamsini. Mwenye nyumba anayefoka ana jeraha la utotoni. Mwenzake wa chumbani anayeosha vikombe mara mbili ana maradhi ya akili, ingawa ukweli ni kwamba vikombe vyenyewe ni vichafu. Nilikuwa na msichana mmoja aliyemwacha mchumba wake kwa barua yenye marejeleo, na nambari ya ukurasa akaitaja. Mwezi wa tatu anageukia nafsi yake. Kila ugonjwa tunaousoma Jumatatu, Jumanne anao. Tulipofika kwenye magonjwa ya kusahau, darasa zima lilisahau kuleta kazi.

Msidhani nawacheka nikiwa nimesimama mahali pa juu. Mimi nami, likizo yangu ya kwanza ya chuo, nilirudi nyumbani nikamweleza baba yangu mbele ya wageni kwamba hasira zake zinatokana na kuachishwa kunyonya mapema. Baba akamgeukia mama akauliza, "Hii ndiyo tuliuzia ng'ombe?" Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika, na binamu zangu bado wananikumbusha kila tukikutana matangani.

Mtu aliyejaribu kunitoa ujinga huo alikuwa mkuu wa idara yetu, Mzee Birech. Alikuwa mkulima wa viazi kule Ainabkoi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na msimu wa mvua aliingia darasani na gambuti zake, akafundisha huku akiacha mabonge ya udongo sakafuni. Siku ya kwanza hakutaka hata kuona vyeti vyangu. Alinipa daftari, akanituma sokoni.

"Kaa na mtu mmoja saa nzima," akasema. "Ukurasa wa kwanza, andika niliona. Wa pili, nilisikia. Nadhani ni ukurasa wa tatu, na usiufungue mpaka hizo mbili zijae."

Nilikaa na mama mmoja muuza kabeji. Nilirudi na ukurasa wa tatu umejaa mpaka pambizoni: mwanamke huyu ana huzuni aliyoificha moyoni, na huenda ni ya ndoa. Mzee Birech alisoma, akavua miwani.

"Huzuni umeiona wapi? Iko rangi gani?"

"Alikuwa ameinamisha kichwa, Mzee. Ameshika shavu. Hata wateja hasemi nao."

"Sasa hayo ndiyo umeona. Mbona hukuandika? Rudi umuulize shavu liko na nini."

Nikarudi. Lilikuwa jino. Mama wa watu alikuwa na gego lililooza, nami nilikuwa nimekwisha kumvunjia ndoa.

Kwa miaka mingi tulifundisha kwa njia hiyo, na wanafunzi waliichukia. Walitaka maneno makubwa ya kuwatishia jamaa zao nyumbani, sisi tunawapeleka Soy siku ya soko kuandika jinsi muuza kuku anavyomtazama mteja kabla ya kutaja bei. Walirudi na vumbi, wakinung'unika. Lakini waliotoka mikononi mwa Mzee Birech walijua kumtazama mtu. Nikikutana nao mjini hadi leo, kabla hawajanisalimu huwa wameshaona kwamba mguu wangu wa kushoto unauma.

Mimi nilipojaribu kuwa mbunifu kama yeye, matokeo yalikuwa mengine. Kulikuwa na tawi la saikolojia linalosema kiumbe hurudia kile anachozawadiwa. Nikaamua kulithibitisha. Kila mwanafunzi aliyejibu swali nilimpa peremende. Wiki tatu darasa lilikuwa moto, mikono juu, watu wanajibu maswali ambayo sijauliza. Wiki ya nne peremende ziliisha, na watu nao wakaisha. Nilibaki na wanafunzi sita, mmoja wao akiwa mgonjwa wa meno. Mzee Birech alichungulia dirishani, akaniambia tu kwamba ng'ombe wake wa Ainabkoi walikuwa wameshamfundisha hilo bila peremende.

Kisha Mzee Birech akastaafu, akarudi kwa viazi vyake, na mimi nikarithi kiti. Ndipo ikaja fomu.

Ofisi kuu ilitaka kila kazi isahihishwe kwa visanduku. Nadharia, alama kumi na tano. Kutaja matawi ya saikolojia, kumi. Marejeleo, kumi. Usafi, tano. Mahali pa niliona na nilisikia hapakuwepo. Ningeweza kupinga, na nilikuwa na cheo cha kupinga. Nawaambieni kweli, nilifurahi. Kwa njia ya Mzee Birech kazi moja ilinila nusu saa, kwa sababu ilibidi niisome. Kwa fomu nilimaliza darasa zima kati ya chakula cha mchana na mvua ya saa tisa.

Kazi kubwa ya mwaka wa pili wanafunzi waliiita keisi. Unatafuta mtu mmoja mwenye tatizo, unaficha jina lake, unaeleza hali yake, kisha unaonyesha ni tawi gani la saikolojia linaloweza kumwelewa. Na hapo ndipo Mary alipoingia maishani mwangu.

Mary alikuwa msichana wa miaka kumi na minne kutoka Soy. Alikuwa amejitenga na wenzake, masomo yake yameshuka, na baba yake alikuwa mlevi. Mara ya kwanza nilipomsoma nilihuzunika. Mwaka uliofuata nilikutana naye tena, nikadhani Soy kuna shida. Wanafunzi wa saikolojia ya makuzi walisema Mary amekwama katika hatua fulani ya utotoni. Wa saikolojia ya jamii walisema ni marafiki wabaya. Wale wa tabia walisema alizawadiwa kwa kunyamaza, ndiyo maana ananyamaza. Wale wa fikra walisema anafikiri vibaya. Na wale wa magonjwa ya akili, ambao huwa hawana simile, walimpa maradhi matatu katika ukurasa mmoja. Mtoto wa watu alipitishwa kwenye kila tawi la taaluma yetu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kumpa hata kikombe cha uji. Wala hakukua. Nywele zangu zikaota mvi, Mary akabaki na miaka yake kumi na minne.

Mtaniuliza kama sikujua. Nilijua kwa namna mtu anavyojua kwamba maziwa yameanza kuchacha lakini chai imeshapikwa na wageni wameketi. Mary alijaza visanduku vyote. Nilimpa thelathini na nne kwa arobaini, karibu kila mara, na nikawahi nyumbani.

Sasa lazima niwaambie kuhusu sura ya tisa. Kitabu tulichofundishia kilikuwa na sura kumi na mbili, na ya tisa ilihusu mwili: ubongo, mishipa, tezi, homoni, na jinsi vitu hivyo vinavyoweza kumgeuza mtu tabia mpaka jamaa zake wasimtambue. Biolojia ilinishinda tangu sekondari. Chura niliyepaswa kumpasua nilimwachilia kupitia dirishani. Siri hiyo niliilinda kazini miaka yote. Nilipanga ratiba kwa ustadi mkubwa ili sura ya tisa iangukie wiki ambayo hatuna muda, kisha nikasimama mbele ya darasa na kusema, "Hiyo mtajisomea."

Mwaka wangu wa mwisho, msichana mmoja wa safu ya pili aliinua mkono. Aliitwa Chebet, wa kutoka Moi's Bridge, mkimya, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti.

"Madam, hiyo ya tezi tutaifanya lini? Kuna kitu nilikuwa nataka kuelewa."

"Haiji kwenye mtihani," nikamjibu.

Darasa likashangilia. Chebet akafunga daftari.

Wiki mbili baadaye alileta keisi yake, kurasa nne za mkono. Juu kabisa alikuwa ameandika "mama yangu", kisha akakumbuka sheria ya kuficha majina, akakata kwa mstari mmoja na kuandika "Mama X". Kazi yenyewe ilianza hivi:

"Niliona amevaa sweta mbili na leso shingoni saa saba mchana, jua likiwa kali. Niliona nyusi zake zimeisha upande wa nje. Niliona uso umevimba asubuhi. Niliona ameanza kuchambua maharagwe, akalala akiwa ameketi, maharagwe mkononi. Nilisikia sauti yake imekuwa nzito. Zamani aliita wafanyakazi wakiwa upande ule mwingine wa shamba na wakasikia. Nilisikia majirani wakisema amekuwa mvivu tangu afiwe na bwana yake. Nilimuuliza kama ana huzuni. Alisema, sina huzuni, nimechoka tu."

Ukurasa wa nadhani ulikuwa na mstari mmoja: "Nadhani sijui. Naomba kuelekezwa."

Mtindo ule ulikuwa wa Mzee Birech mtupu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu wake wa sekondari alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wetu wa zamani wa sokoni. Siku ile sikujiuliza. Nilichukua fomu. Nadharia, tatu, za huruma. Matawi, nne. Marejeleo, sifuri. Usafi nilimpa nne badala ya tano, kwa kuwa alikuwa amekata maneno mawili pale juu. Karibu na "naomba kuelekezwa" nikaandika kwa wino mwekundu: "Mwanafunzi anamwachia msomaji kazi." Ndizo hizo kumi na moja. Saa hiyohiyo nikampa Mary thelathini na nne.

Chebet alikuja ofisini siku iliyofuata na karatasi yake.

"Madam, ni kuhusu hii keisi."

"Marks hatubadilishi, Chebet."

"Hapana Madam, marks ni sawa tu. Nilikuwa nataka kuuliza, mtu kama huyo sasa anasaidiwa aje?"

"Irudie, uweke nadharia," nikasema, macho yangu kwenye kompyuta. "Iache hapo mezani, nitakuandikia vitabu vya kusoma."

"Sawa Madam. Asante."

Angelia ningemwona. Angegonga meza ningemwona zaidi. Yeye alisema asante, akafunga mlango polepole. Miaka yote hiyo nilikuwa nikifundisha kwamba mtu mwenye shida huomba msaada kwa mlango ulio karibu naye, hata kama si mlango wenyewe. Hiyo ilikuwa sura ya pili, na hiyo sikuiruka hata mwaka mmoja. Vitabu sikumwandikia. Kiti chake kikabaki kitupu, nami nikaandika "hayupo" kwenye rejista kwa wiki tano.

Kilichonizindua si dhamiri, msinisifu bure. Ilikuwa fotokopi. Nilikuwa nahitaji nakala za karatasi zangu za kustaafu, mashine ya chuo ikawa imeharibika kama kawaida yake, nikavuka barabara hadi duka moja dogo mkabala na lango letu. Mwenye duka, mama mnene mchangamfu waliyemwita Mama Faith, hakunijua. Aliona tu mtu mwenye faili.

"Karibu mum. Ni case study unatafuta? Ya mtoto wako?"

Sikujibu haraka, akachukulia kwamba nimekubali. Akavuta droo.

"Mary iko. Unataka ya tawi gani? Ya makuzi imeisha, watu wameimaliza wiki jana. Iko ya jamii, iko ya fikra. Ya magonjwa ndiyo refu."

"Na hii inapita?" nikamuuliza.

"Inapita kabisa! Kuna madam fulani hapo ndani, huyo anaipenda hii Mary sana. Hata ukimwamsha usingizini anaiwekea thirty-four."

Alikuwa amenielewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote, na alikuwa hajawahi kuniona. Nilitoka pale bila nakala zangu. Ofisini nilizimwaga keisi zote mezani. Mary, Mary, Mary, Mary kwa wino wa buluu, Mary kwa wino mweusi. Chini kabisa zikawa zile kurasa nne. Nilizisoma kwa mara ya kwanza, maana ile nyingine ilikuwa kuhesabu tu.

Kesho yake sikwenda kazini, nilikwenda Moi's Bridge. Chebet alinipokea langoni akiwa na ndoo ya maji. Hakushangaa, au alikuwa amechoka sana kushangaa. Mahindi ya mwaka uliotangulia bado yalikuwa ghalani na maganda yake. Mama yake aliketi karibu na jiko, sweta mbili, leso shingoni, vilevile ilivyoandikwa.

"Chamgei, Mama Chebet," nikamsalimu kwa Kikalenjin changu cha ziwani.

"Chamgei," akaitikia, polepole, kwa sauti ya chini iliyokwaruza.

Mnadhani nilikuwa nimejifunza? Nilivuta kigoda, nikaanza kumpa ushauri nasaha. Mume alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na mimi nilikuwa na nadharia nzuri sana kuhusu wajane. Nilimpeleka kwenye ule msiba, nikamzungusha, nikamrudisha. Nikamwambia ni sawa kulia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasinzia nikiwa katikati ya sentensi. Asubuhi ile kina mama wa kanisa walikuwa wamepita kumwombea, wakaacha maziwa, sukari na kuni zilizopasuliwa. Mimi niliyekuja na taaluma nzima sikuwa nimeleta hata majani chai.

Alipozinduka alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "bwana yangu nilimlilia nikamaliza. Hii ni baridi."

Nilitoka nje, nikasimama kando ya ghala, nikampigia Mzee Birech. "Mzee, niko na mama hapa Moi's Bridge, nadhani ni ile huzuni ya—"

"Huo ni ukurasa wa tatu," akanikata. "Nisomee wa kwanza."

Nikamsomea maandishi ya Chebet, neno kwa neno. Upande wa pili nilisikia viazi vikimiminwa kwenye gunia, kisha vikanyamaza.

"Shingo yake iko aje, Anyango?"

"Amefunga leso."

"Sasa si uifungue?"

Chebet akaifungua leso taratibu, kama anayemvua mtoto. Chini yake kulikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la bata. Leso ilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa ile keisi, na mimi, niliyefundishwa kuuliza shavu lina nini, sikuuliza leso inafunika nini.

"Hiyo ni sura ya tisa," Mzee Birech akasema nilipomweleza.

"Najua, Mzee."

"Hujawahi kuijua. Ulidhani sikuwa naona ukiiruka? Mpeleke hospitali wapime damu. Leo, si kesho."

Tulimpeleka siku ileile. Daktari alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu, na alipouliza mama alianza kuumwa lini, Chebet hakujibu kwa mdomo. Nilikuwa nimemrudishia kurasa zake, akamkabidhi. Daktari akazisoma zote akiwa amesimama.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi," Chebet akasema.

"Ni poa sana. Kuna madaktari hawawezi andika mgonjwa hivi." Akageuza ukurasa wa mwisho, akaona ile kumi na moja. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Na hii red pen ni ya nani?"

"Ya chuo," nikasema.

Damu ilionyesha kwamba tezi ya shingo ilikuwa karibu imeacha kazi kabisa. Dawa ilikuwa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, siku zote za maisha. Daktari akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba mgonjwa wa namna ile akiachwa mpaka baridi ya Julai anaweza kulala siku moja asiamke. Nikapiga hesabu ya wiki ambazo zile kurasa zilikuwa zimekaa mezani kwangu. Niliogopa pale kwenye benchi la hospitali, na hofu hiyo ninayo hadi leo ninapowasimulia.

Mama Chebet hakupona kwa siku moja. Kwanza aliacha sweta moja. Kisha akaanza kumaliza maharagwe aliyoyaanza. Mimi nilirudi chuoni nikaomba alama ya Chebet ibadilishwe. Nikajibiwa kwamba mfumo umefungwa, kwamba fomu ilijazwa sawasawa, na kwamba mwanafunzi aliyekosa wiki nyingi namna ile atarudia somo mwaka ujao. Niliandika barua tatu. Walinijibu kwa ile keki niliyowaambia.

Kwa hiyo mkifika chuoni, fanyeni hivi. Nunueni daftari la kurasa nyingi, mkae na mtu, na mkono wenu ukianza kuandika neno ambalo mama yenu hawezi kulielewa, uzuieni. Mtauziwa Mary, na mtapita naye. Sitawadanganya kwamba hampiti, mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha. Na mwalimu akisema sura fulani haiji kwenye mtihani, ifungueni jioni hiyohiyo, kwa sababu huenda anaiogopa.

Mwaka uliofuata, msimu wa mavuno, nilialikwa Moi's Bridge. Nilimsikia Mama Chebet kabla sijamwona. Alikuwa akiwafokea wafanyakazi waliokuwa mwisho wa shamba, na walikuwa wanasikia. Hakuwa na leso. Sweta aliifunga kiunoni. Chebet alikuwa amekuja nyumbani kusaidia, na tukaanza kuvuna mstari mmoja, sisi watatu, mimi nikiwa nyuma kwa sababu ya mguu.

"Lile somo ulirudia?" nikamuuliza Chebet.

"Nilirudia, Madam."

"Ulipata ngapi?"

"Thirty-four."

Nilifurahi, nikamsifu. Nikamwambia hatimaye mtu pale chuoni amejifunza kusoma. "Kwani safari hii uliandika kuhusu nani?"

Chebet aliinama kuokota hindi ambalo halikuwa limeanguka. "Mary, Madam. Ile ya jamii."

Mama yake akatugeukia, jasho usoni. "Mary ni nani?"

Nikamweleza yote palepale, kuhusu msichana wa Soy asiyekuwepo, na droo ya Mama Faith, na visanduku. Alinisikiliza bila kusinzia.

"Na mimi, mwalimu? Mimi ulinipa ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Kwa ishirini?"

"Kwa arobaini."

Alicheka. Alicheka kwa ile sauti yake yote mpaka wafanyakazi wa mwisho wa shamba wakasimama kutazama. Kisha akachukua gunia tupu, akalitupa miguuni pangu.

"Basi mwite huyo Mary aje avune," akasema, akarudi kwenye mstari wake.

Nililiokota lile gunia, nikaanza kuvuna.